Giza, Mbalamwezi na Menyu ya Simu

Huduma nyingi za simu zinazoletwa Kanda ya Ziwa huanza kwa fulana na muziki sokoni, kisha hufa kimya kimya. Sababu inayoandikwa kwenye ripoti huwa ile ile: elimu ya watumiaji bado ni ndogo. Sikubaliani nayo. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, anajua akiba ni nini. Ana kibubu uvunguni, yumo kwenye kikoba, anacheza upatu na wenzake, na riba ya mtaji wa kukopa asubuhi na kurudisha jioni anaipiga kwa kichwa. Kinachomshinda ni skrini ya tano ya menyu, au ujumbe wa "weka akiba leo" uliomfikia siku ambayo hajauza kitu.

Sayansi ya tabia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoamua na kutenda, inamsaidia mbunifu wa huduma kujibu maswali mawili kabla ya mengine yote: mtu anaangukia hatua ipi, na saa ipi pesa na nafasi viko mkononi mwake kwa pamoja. Mafunzo mengi hayaanzii hapo. Huanza na orodha ndefu ya udhaifu wa akili ya binadamu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyopima faida na hasara, Kahneman akapata Nobel ya uchumi mwaka 2002, mchumi Richard Thaler akaipata 2017, na elimu hiyo ni nzuri. Ila aliyeikariri bila kukaa na watumiaji huona kila tatizo ni "kuchukia hasara", yaani kuogopa kupoteza kuliko kutamani kupata, akabandika bango jekundu la "Usikose nafasi hii!", na yule aliyekuwa anakwama kwenye namba ya siri akaendelea kukwama pale pale.

Tuchukue huduma moja ya kufikirika: akiba ya menyu ya simu, ile ya kupiga nyota na reli, kwa wachuuzi na mabaharia wa dagaa. Nimeichagua kwa sababu haihitaji simu janja, na kwa sababu skrini ndogo haifichi makosa ya mbunifu.

Hesabu hatua kwanza

Menyu ya kawaida ya aina hii ina hatua nane: kupiga namba, kuchagua lugha, kuchagua "Huduma za fedha", kuchagua "Akiba", kuchagua "Weka", kuandika kiasi, kuingiza namba ya siri, kuthibitisha. Tuseme kila hatua inavukwa na watu 95 kati ya 100, jambo ambalo kila meneja angeliita mafanikio. Baada ya hatua nane wamebaki 66. Zikipunguzwa ziwe nne, kwa ubora ule ule, wanafika 81. Hakuna tangazo wala zawadi inayoleta pointi 15 kwa gharama ya kufuta mistari minne.

Lugha iulizwe mara moja tu, siku ya kujisajili, kisha ikumbukwe. "Huduma za fedha" ifutwe: imewekwa kwa sababu ofisini kuna idara yenye jina hilo. "Weka akiba" iwe namba 1 kwenye skrini ya kwanza, na mpangilio wa zinazofuata utokane na kumbukumbu za mfumo, yaani kinachobonyezwa zaidi kikae juu. Skrini moja ya menyu hii haibebi zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwemo. Kinachozidi husukumwa nyuma ya "98. Endelea", na huko hawafiki wengi. Ukiona huduma muhimu iko nyuma ya 98, usitafute sababu nyingine ya kutotumika kwake.

Hatua ya kiasi ndiyo yenye utajiri. Kumwachia mtu nafasi tupu aandike ni kumpa hesabu ya kufanya akiwa amesimama juani na beseni mkononi. Mpe viwango:

Weka akiba
1. Kama juzi: 3,000
2. 2,000
3. 5,000
4. Kiasi kingine

Namba 1 hapa ndiyo chaguo-msingi, yaani jibu lililoandaliwa tayari kabla mtu hajachagua, na chaguo-msingi lina nguvu kuliko karibu kila mbinu nyingine iliyowahi kupimwa. Eric Johnson na Daniel Goldstein walionyesha mwaka 2003 kwamba katika nchi ambako raia huhesabiwa amekubali kuchangia viungo mpaka aseme hapana, walio kwenye daftari ni karibu wote. Austria ilikuwa juu ya asilimia 99, wakati jirani yake Ujerumani, ambako sharti mtu aseme ndiyo, ilikuwa asilimia 12. Hiyo ni sababu ya kulipanga chaguo-msingi kwa uangalifu. Kiwango cha chini kabisa kitoke kwenye miamala halisi ya watu wako: panga miamala yote kuanzia midogo, chukua wa katikati, na uweke kingine kilicho chini yake. Viwango vinavyoanza na 10,000 kwa sababu mkurugenzi aliona 2,000 ni "ndogo mno" vinamwambia baharia kwamba mlango huu si wake.

Usifute hatua ya kuthibitisha. Hapo tatizo ni la upande wa pili: kidole kimezoea. Menyu nyingi nchini huthibitisha kwa 1, kwa hiyo mtu anabonyeza 1 kabla jicho halijasoma jina. Kwa kuweka akiba haidhuru, pesa inabaki yake. Kwa kutuma kwa mtu mwingine, hasa kiasi kinachozidi kile alichozoea, badilisha tendo lenyewe: "Andika tarakimu 2 za mwisho za namba ya unayemtumia." Inaongeza sekunde chache, na inamlazimu arudi kuitazama ile namba. Usumbufu una kazi yake, mradi uwekwe mahali ambapo kosa ni ghali na halirudishiki. Usiuweke kila mahali. Ukiwa kila mahali, kidole kitauzoea nao.

Kisha kuna kukatika. Mtandao wa visiwani na kando ya ziwa hukatika katikati ya muamala, na kila mtandao una kikomo chake cha muda. Mtu aliyekatikiwa baada ya kuingiza namba ya siri hajui kama pesa imeondoka. Hapa ndipo kuchukia hasara kunapouma kweli. Tversky na Kahneman mwaka 1992 walikadiria kwamba hasara huuma zaidi ya mara mbili ya furaha ya faida ya kiasi hicho hicho. Mashaka ya mara moja juu ya shilingi 3,000 yanatosha kumrudisha mtu kwenye kibubu mwaka mzima. Dawa yake ni mambo mawili. Mfumo ukumbuke alipofikia, ili akipiga tena aone "Ulikuwa unaweka 3,000. 1. Endelea 2. Acha." Na ujumbe utumwe hata muamala uliposhindikana: "Muamala haukukamilika. Pesa yako haijakatwa. Salio ni 14,500." Kampuni nyingi hutuma ujumbe wa mafanikio tu, kisha hushangaa simu zinavyomiminika huduma kwa wateja.

Saa ya ziwa si saa ya mshahara

Karibu kila huduma ya akiba hutuma vikumbusho tarehe 25 hadi 30, kwa sababu waliozibuni hulipwa tarehe hizo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku, na taa huvuta dagaa vizuri siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika mwaloni, pale inapotia nanga, nyavu hushonwa, na watu hula walichobakiza. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo giza linawahi karibu siku moja kila mwezi wa kalenda, na kwa mwaka linawahi siku 11 hivi. Kikumbusho cha tarehe 25 kilichoangukia katikati ya giza mwezi Januari kitakuwa kinateleza kuelekea mbalamwezi miezi inavyokwenda. Ratiba ya ujumbe ifungwe kwenye kalenda ya mwezi mwandamo. Ni mistari michache ya programu, na tarehe zinajulikana miaka mingi mbele.

Ndani ya siku yenyewe, saa inayofaa ni ile baada ya mauzo, gharama za mafuta na chakula zikiwa zimetolewa na mgao wa mwenye mtumbwi na mabaharia umefanyika. Kabla ya hapo hakuna pesa. Saa mbili baadaye nyingi imeshapata njia.

Jambo hili limepimwa upande wa pili wa ziwa. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwauzia wakulima mbolea mara tu baada ya mavuno, wakati pesa ipo, kwa ahadi ya kupelekewa bure. Punguzo hilo dogo liliongeza matumizi ya mbolea kwa asilimia 47 hadi 70, kiasi kinachokaribia kile cha kushusha bei kwa nusu baadaye msimuni. Utafiti ulichapishwa mwaka 2011. Wakulima walikuwa wanaitaka mbolea tangu mwanzo, ila pesa na uamuzi havikuwa vinakutana siku moja.

Kuhusu wingi wa vikumbusho, kuna jaribio la kituo cha afya cha Chulaimbo, karibu na Kisumu, lililochapishwa mwaka huo huo. Wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walitumiwa ujumbe wa simu, wengine kila siku, wengine kila wiki, mfupi au mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Kwa muda wa wiki 48, waliofikia ufuasi wa asilimia 90 au zaidi walikuwa asilimia 53 miongoni mwa waliopata ujumbe wa kila wiki, dhidi ya 40 kwa wasiotumiwa kitu. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti, na maneno ya ziada hayakusaidia kuliko ujumbe mfupi. Ukienda kwenye kikao cha masoko na wazo la kutuma kila siku "ili tubaki akilini mwao", nenda na matokeo hayo. Ujumbe wa kila siku huzoeleka na kupitwa kama kelele za konda.

Sasa mfano wa ujumbe: "Giza limeanza. Ulipanga kuweka 3,000 kila ukiuza. Jibu 1 kuweka sasa." Unataja wakati wake, unataja mpango alioutoa mwenyewe, na tendo ni moja. Akijibu 1, dirisha la namba ya siri lijifungue lenyewe. Asiambiwe apige namba nyingine. Neno "ulipanga" lina uzito kuliko "tunakushauri", lakini ni halali tu ikiwa kweli uliwahi kumuuliza. Muulize siku ya kujisajili: kiasi gani, baada ya tukio gani. Katherine Milkman na wenzake mwaka 2011 walionyesha kwamba wafanyakazi walioombwa kuandika siku na saa ya kwenda kuchanjwa mafua walichanjwa kwa asilimia 37.1, wakati waliokumbushwa bila kuombwa mpango walikuwa asilimia 33.1. Tofauti ni ndogo, na gharama yake ni mstari mmoja wa karatasi.

Kidokezo cha kiufundi ambacho kimekula bajeti za watu: ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyo kwenye orodha ya msingi ya mitandao, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Kiswahili chetu ni salama isipokuwa kwa ritifaa. Ukiandika "ng'ombe" au "ng'ambo" kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ritifaa iliyonyooka hugeuzwa kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakatwa sehemu tatu za herufi 67, na unalipia tatu. Andika ujumbe kwenye kihariri kisicho na mapambo, kisha hesabu. Ule wa giza hapo juu una herufi 69, kwa hiyo ungepona hata hivyo.

Kibubu chenye ufunguo

Kibubu ni mbunifu mzuri kuliko wengi wetu: kuingiza pesa ni rahisi, kutoa ni lazima uvunje. Kishawishi cha mbunifu wa simu ni kukaza zaidi, yaani kufungia akiba miezi sita. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2013. Waliopewa sanduku la akiba pamoja na ufunguo wake walitumia zaidi kwenye kinga ya afya. Sanduku la namna hiyo hiyo ambalo ufunguo ulishikwa na watu wa mradi halikuleta tofauti ya maana kwa kinga. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mtu mwenye kipato cha kuyumba anaogopa kufungia pesa ambayo kesho huenda ikahitajika zahanati.

Kwa hiyo acha mlango wa kutoa wazi, ila weka skrini moja ya kumkumbusha: "Hii ni ya sare na madaftari ya Januari. Imebaki 40,000. 1. Toa yote 2. Toa nusu 3. Ghairi." Hiyo "toa nusu" isidharauliwe. Mara nyingi shida halisi ni ndogo kuliko salio, na mtu hutoa yote kwa sababu menyu haikumpa njia ya kati bila kuandika upya.

Mtumiaji wa pili ambaye wabunifu humsahau ni wakala. Wateja wengi humkabidhi simu wakala, wakamtajia kiasi, wakaingiza namba ya siri pekee. Maana yake ni kwamba menyu inasomwa na mtu ambaye ana foleni na anataka muamala unaomlipa kamisheni. Kama kuweka akiba hakumlipi, atasema "mtandao unasumbua" na hatakuwa anadanganya sana. Mpe sehemu yake, au tengeneza njia ambayo mteja hamhitaji.

Kupima bila kujidanganya

Anza kwa macho. Watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi makubwa ya menyu moja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, amelisema hilo tangu mwaka 2000, na linashikilia ikiwa watano hao wanafanana na watumiaji wako. Fanyia mwaloni, baada ya mauzo, kwa simu ya mtu mwenyewe, kwenye jua, mikono ikiwa na maji. Weka shilingi 3,000 za kweli kwenye akaunti yake. Pesa ya kuigiza haileti hofu ya kweli. Usiulize "Unaionaje?" Adabu itamfanya aseme nzuri, na mzee akiambatana naye ataongeza "hongereni." Mpe kazi: "Weka elfu mbili, halafu uitoe moja." Kisha nyamaza. Andika kila mahali kidole kiliposita zaidi ya sekunde tano, na kila mahali alipomgeukia mtu wa pembeni.

Majaribio ya makundi mawili yanahitaji hesabu kabla ya shauku. Kanuni ya haraka: zidisha 16 kwa kiwango cha sasa, mara kilichobaki kufika moja, kisha gawa kwa mraba wa tofauti unayotaka kuiona. Kama asilimia 20 ya watu (yaani 0.20) wanaweka akiba na unatarajia ongezeko la pointi 5 (yaani 0.05), unahitaji watu 1,024 kila kundi. Tena pointi 5 ni matumaini makubwa. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos mwaka 2022 walikusanya majaribio 126 ya vitengo viwili vya Marekani vinavyotumia sayansi ya tabia kwenye huduma za serikali, yenye watu zaidi ya milioni 23: wastani wa athari ulikuwa pointi 1.4, wakati makala za kitaaluma zilizochapishwa zilikuwa zikionyesha 8.7. Kuiona tofauti ya 1.4 unahitaji watu kama 13,000 kila kundi. Mwenye wateja 600 aachane na kulinganisha rangi za maneno. Afute hatua, arekebishe saa, aangalie.

Ukiwa na wateja wa kutosha, usigawe mtu mmoja mmoja ndani ya mwalo mmoja. Mwalo kama wa Igombe ukisikia kwamba wengine wanapata bonasi, ndani ya siku moja kila mtu ataiulizia na makundi yako yameshachanganyika. Gawa kwa mialo, na iwe mingi. Mialo miwili dhidi ya miwili haithibitishi kitu. Pima mizunguko kamili ya mwezi, angalau miwili. Anayelinganisha wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kubadilisha menyu anaweza kuupa ubunifu wake sifa ambayo ni ya giza. Na usihesabu mibonyezo. Hesabu salio lililobaki siku 60 baadaye, na uangalie mikopo ya simu ya watu hao hao: wapo wanaokopa kwa riba ili wasivunje mfululizo wa kuweka akiba ulioupamba kwa nyota. Hapo huduma yako imewafanya maskini zaidi huku takwimu zikipanda.

Mbinu hizi zote zina upande wa kuibia. Shinikizo la kijamii linalofanya kikoba kisimame ndilo hilo hilo lililotumiwa na programu za mikopo zilizokuwa zikichukua majina yote ya simuni na kuwatumia ndugu na wafanyakazi wenzake ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kisanduku cha ridhaa kilichotiwa alama mapema nacho ni chaguo-msingi, na kinaweza kugongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. "Zimebaki nafasi 3 tu" kwa huduma isiyo na ukomo ni uongo, uite utakavyo.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji mwanasheria. Chukua simu ya kawaida, hesabu hatua za kujiunga, kisha hesabu hatua za kujitoa na kupata pesa yako yote. Kujiunga kukiwa kwa hatua tatu, na kujitoa kukitaka upige simu saa za kazi na kuandika barua, mbunifu alijua anachofanya. Weka "Jitoe" kwenye menyu ile ile, kwa namba yake, bila kuificha nyuma ya 98.